Mwalimu wa Badali

Mwalimu wa chekechea akienda kujifungua, sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Hiyo ni haki yake. Lakini twauliza: watoto wale wa miaka 4 na 5 huachiwa nani? Pengine huchanganywa na darasa jirani. Pengine huitwa binti wa mtaani ashike zamu, angojee ujira wa mchango wa wazazi.

Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti elimu hii ya awali. Yafaa basi kila kaunti iwe na orodha ya walimu wa badali waliosomea kazi, na ujira wao ujulikane. Naye anayeondoka amwachie mwenzake majina, nyimbo, na habari za yule aliaye mamake akigeuka.

Udongo uwahi ungali maji, nao haungoji likizo iishe.