Ubaya wa Kuchanganya Buibui

Mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani na chupa mbili za jamu, vifuniko vyake vimetobolewa kwa msumari. Ndani ya kila chupa alikaa buibui mkubwa mwenye manyoya, aliyefukuliwa shimoni mwake nyuma ya bustani ya shule. Mmoja alikuwa na rangi ya majani makavu, na wa pili alikaribia weusi. "Mwalimu," akasema, "nitawaoza hawa, tupate buibui ambaye hajaonekana duniani." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana kijana yule, pasipo kujua, alisema maneno yasemwayo na watu wazima wenye fedha na elimu huko Ulaya na Marekani. Insha hii ni jibu langu kwake na kwao.

Katika nchi hizo buibui wakubwa waitwao tarantula hufugwa majumbani ndani ya masanduku ya kioo. Jike la buibui wa Meksiko mwenye magoti mekundu huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume hufa mapema, muda mfupi baada ya kukomaa. Dume akibaleghe hufuma utando mdogo, huweka mbegu yake juu yake, akaifyonza katika ncha za viungo viwili vilivyo karibu na kinywa, kisha huenda kwa jike akabisha hodi kwa kugonga ardhi. Asipopendeza, huenda akaliwa. Akikubaliwa, jike hutaga mamia ya mayai katika mfuko wa hariri. Maajabu haya yanatosha. Lakini wapo wafugaji wasiotosheka. Humpeleka dume wa spishi moja kwa jike wa spishi nyingine, ili wapate rangi mpya na bei mpya. Uzao wake huitwa mahuluti. Nasema kwamba kazi hiyo ni mbaya, na sababu zangu ni hizi.

Lakini kwanza nizibe mlango mmoja, asije mtu akauingilia. Wapo waliowahi kutumia habari za wanyama kuwatenga binadamu kwa rangi na kabila. Maneno yangu hayawasaidii hata kidogo. Binadamu wote ni spishi moja, na mtoto wa wazazi wa mabara mawili ni binadamu kamili kama mwingine yeyote. Mimi nasema juu ya buibui wa spishi mbili zilizoachana kwa muda mrefu usiohesabika kwa kumbukumbu za watu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuchanganya huua jina, na jina likifa elimu hufa nalo. Buibui wa magoti mekundu aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1897 kwa jina la Brachypelma smithi. Miaka 100 baadaye, yaani 1997, ndugu yake aliyefanana naye mno aliandikwa kwa jina la Brachypelma hamorii. Mmoja hukaa Guerrero. Mwingine hukaa Colima, Jalisco na Michoacán. Ilikuwa mpaka mwaka 2017 ndipo wataalamu walipowatenga hawa wawili kwa uwazi, kwa kupima maumbile yao na chembe za urithi. Ikadhihirika kwamba wengi waliouzwa kwa jina la smithi walikuwa hamorii. Basi fikirini: ikiwa watu waaminifu, wasiotaka kuchanganya kitu, walikosea kwa miaka mingi, itakuwaje kwa yule achanganyaye makusudi, akauza watoto mamia bila ya kusema asili yao? Mnunuzi humwoza mahuluti huyo kwa buibui halisi, na kosa la mtu mmoja huwa kosa la wote. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Sababu ya pili ni kwamba kuchanganya huharibu akiba. Buibui wa magoti mekundu walikusanywa porini kwa wingi hata ikalazimu, mwaka 1985, kuwaweka chini ya mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019 wakafuata buibui wa mitini wa India na Sri Lanka, wa jenasi ya Poecilotheria. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Utetezi mwema wa mfugaji ni kusema, "Mimi huzalisha nyumbani ili watu wasiende kupora porini." Utetezi huo naukubali. Lakini akichanganya damu, anaukata kwa mkono wake mwenyewe. Yupo buibui wa Amerika ya Kati mwenye manyoya ya kujikunja, Tliltocatl albopilosus. Wafugaji wengi hushuku kwamba wale waliozalishwa majumbani kwa muda mrefu wamechanganywa na spishi nyingine. Kwa hiyo hutafuta wale ambao asili yao inajulikana kuwa Nicaragua. Mnaona mwendo wa jambo? Shaka ya nyumbani humrudisha mnunuzi porini.

Na pori hilo laweza kuwa letu. Mwaka 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, kwa kutaka kutorosha chungu wetu, malkia miongoni mwao, waliotiwa katika vichupa vyenye pamba ili wakauzwe ng'ambo kwa wafugaji. Asidhani mtu kwamba kidudu ni kidogo mno kuibwa.

Sasa nisikilize wapinzani wangu. Wa kwanza husema, "Mbona mahindi huchanganywa?" Kweli, mwaka 1964 Kitale ilitoa mbegu chotara iitwayo 611, nayo ikawanufaisha wakulima wetu. Lakini yale yalikuwa mahindi kwa mahindi, spishi moja; kila mzazi aliandikwa daftarini, na mbegu ikauzwa kwa jina lake la kweli. Mwenye buibui mahuluti hana daftari, wala hana njaa anayoiponya.

Wa pili husema, "Buibui wangu yumo sandukuni, amdhuru nani?" Sanduku hufunguka. Mwaka 1996 tarantula wa Meksiko mwenye kiuno chekundu aligunduliwa akiishi na kuzaliana huru katika Florida, nchi isiyo yake. Nasi tuna somo letu Ziwa Viktoria, ambako sato wa Mto Nile alitiwa katika miaka ya 1950. Ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo, alikaribia kutoweka humo, na ndugu zake waliosalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli wamekutwa na dalili za damu ya mgeni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wa tatu husema, "Nataka kujua tu." Huyu namheshimu kuliko wote, maana hamu ya kujua ni mama wa elimu. Lakini atakaye kujua huandika tarehe, mahali na wazazi. Huwaonyesha wenzake kazi yake. Na uzao wake hautii sokoni. Afichaye asili ya akiuzacho si mwanasayansi. Ni mchuuzi aliyevaa joho la mwanasayansi.

Nilimwuliza kijana yule kati ya buibui wake yupi jike na yupi dume. Hakujua. Nikamwuliza spishi zao. Hakujua, wala mimi sikujua. "Basi," nikamwambia, "tunataka kuumba kitu kipya, na cha kale hatujakisoma." Jioni tulikwenda pamoja nyuma ya bustani, tukawarudisha kila mmoja shimoni mwake. Tangu siku hiyo ana daftari. Ameandika humo saa ambayo buibui hutoka, chakula chao, na jinsi utando wa mlango ubadilikavyo mvua inyeshapo. Hajapata buibui ambaye hajaonekana duniani. Amepata kuwaona waliopo, na wengi wetu bado hatujafika hapo.