Kioja, Kituko na Kicheko: Nani Anamcheka Nani?

Mtu akiuliza iwapo kioja ni jambo la kuchekesha au la kushangaza, wengi wetu tutajibu kwamba ni yote mawili. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Maoni yangu ni kwamba mahali ambapo ajabu na kicheko hukaa katika neno moja, mgeni na mnyonge huwa hatarini, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kulitambua hilo.

Tuanzie mbali ili tuone vyema yaliyo karibu. Kijapani kina neno okashii. Mzaha uliokolea ni okashii. Mashine inayotoa mlio usio wa kawaida nayo ni okashii. Katika fasihi ya kale ya nchi hiyo, hasa katika Makura no Sōshi, kitabu cha Sei Shōnagon kilichoandikwa kuelekea mwaka 1000, neno hilo lilisifu jambo linalopendeza na kuvutia akili. Kwa hivyo maana yake imesafiri kutoka kwenye sifa hadi kwenye kicheko na shaka.

Kichina, kwa upande wake, hutenganisha. Hǎoxiào, yaani la kuchekesha, limebeba xiào, kucheka, kama vile kichekesho kilivyobeba -cheka. La ajabu huitwa qíguài. Hata hivyo, tukitazama silabi guài tutapata funzo: humaanisha ajabu, humaanisha zimwi, na ikiwa kitenzi humaanisha kulaumu. Naam, hatua kati ya kumshangaa mtu na kumlaumu ni fupi mno.

Je, Kiswahili kimesimama wapi? Ajabu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, limebaki upande wa mshangao. Kichekesho kimebaki upande wa kicheko. Katikati yake yapo maneno yaliyohama. Kamusi za zamani zilikieleza kituko kuwa jambo la kushtua au la kutia hofu. Leo mtu mwenye vituko ni yule anayetuvunja mbavu. Kioja kilikuwa jambo lisilo la kawaida. Kitimbi kilikuwa hila au njama. Nchini Kenya, vipindi viwili vya vichekesho vilivyopendwa sana katika runinga ya KBC vilipewa majina ya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hila na ajabu zikaingia sebuleni zikiwa zimevaa vazi la kicheko, na watoto waliokua wakivitazama wakayapokea maneno hayo kwa maana hiyo.

Sina ugomvi na mabadiliko ya maana. Lugha hai haiwekwi kizuizini. Swali langu ni hili: ni nani aliyechekwa? Mhusika mashuhuri wa Vitimbi, Mzee Ojwang', alikizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, na lafudhi hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya utani wenyewe. Mwigizaji wake, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo. Simlaumu, alikuwa msanii hodari aliyependwa hata katika nyumba za Wajaluo. Lakini tuwazie mtoto wa Asembo Bay ambaye lugha yake ya kwanza, Dholuo, haina sauti "sh" wala "z". Anaposema "samba" badala ya "shamba", darasa huangua kicheko. Kosa lake lina sababu ya kifonolojia inayoelezeka kwa sentensi moja, lakini badala ya maelezo hupewa jina: kioja. Baada ya hapo hunyamaza. Walimu wengi waliofundisha Kiswahili katika ufuo huu wa ziwa wanakijua kimya hicho.

Dholuo yenyewe haichanganyi mambo haya. Nyiero ni kucheka. Hono ni ajabu au muujiza. Na maneno hayo hayana mzizi mmoja. Tofauti hii si ndogo kwa mfasiri. Grace Ogot (1930–2015), mwandishi ambaye asili yake ni Asembo, alichapisha riwaya ya Dholuo iitwayo Miaha mwaka 1983. Neno miaha humaanisha bibi harusi, basi. Tafsiri ya Kiingereza ya Okoth Okombo ilipotoka mwaka 1989 iliitwa The Strange Bride. Ugeni ambao jina la asili halikuutamka ukawekwa mlangoni. Tukitaka kuileta kazi hiyo katika Kiswahili kwa kufuata jina la Kiingereza, tutasemaje? "Bibi Harusi wa Ajabu" atastahiwa. "Bibi Harusi Kioja" atachekwa kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa, ilhali kisa chake, cha kuvunja mwiko wa jembe lililolima lenyewe, ni kisa kizito kuhusu asili ya jasho la binadamu. Mimi ningemwita "Bibi Harusi" tu, na kumwachia msomaji ashangae mwenyewe.

Kutokana na haya napendekeza mambo matatu. Kwanza, watunzi wa kamusi watenge maana ya mshangao na maana ya kicheko katika vidahizo hivi, na waonyeshe ipi imetangulia. Pili, wafasiri wajiulize kila mara anayeshangaa ni nani na amesimama wapi. Tatu, wahadhiri na walimu watarajali waache kuziita lafudhi za wanafunzi vioja. Waziite lafudhi, kisha wazieleze.

Wapo watakaosema kwamba kicheko hakiui. Ni kweli. Lakini kimewanyamazisha wengi ambao Kiswahili kilihitaji kuwasikia.