Usiniulize Gari Gani, Niulize Injini Gani

Wasee, tuongee ukweli. Mtu akipata kazi ya maana na sacco ikikubali mkopo, swali ni lile lile: "Nichukue Harrier, Forester, CX-5 ama X-Trail?" Halafu majibu yanakuja kama debi ya Gor na AFC. Wa Toyota wanaapa gari yao haifi. Wa Subaru wanasema nyinyi wengine hamjui kuendesha. Wa Mazda wanakuonyesha tu vile ndani kunakaa.

Maoni yangu ni haya: hilo swali limekosewa tangu mwanzo. Ukinunua gari ya mtumba hununui jina, unanunua injini. Na jina moja linaweza kubeba injini mbili ambazo tabia zao hazifanani hata kidogo.

Anza na Harrier. Ile iliyotengenezwa kutoka 2003 hadi 2013, nyingi zina injini ya 2.4 inayoitwa 2AZ-FE. Hiyo hiyo iko kwa RAV4 na Vanguard za miaka hiyo. Shida yake inajulikana: inakula oili. Vitundu vya pistoni vya kurudisha oili vinaziba, ringi zinakwama, oili inaanza kuungua pamoja na petroli. Huo si uvumi wa garaji. Kule Marekani, Toyota yenyewe iliweka mpango wa kuwabadilishia wateja pistoni na ringi. Sio kila 2AZ iko hivyo, na iliyotunzwa inaenda mbali sana. Lakini "Toyota haifi" haitakuongezea oili ikiisha ukiwa Salgaa usiku. Harrier iliyotoka mwishoni mwa 2013, ile ya 2.0 bila turbo, ina injini nyingine kabisa, 3ZR-FAE. Jina ni lile lile, lakini hapo unazungumzia gari tofauti.

Njoo kwa Forester. Hadi 2010 zilikuwa na injini za EJ zinazotumia mshipi wa taiming. Mshipi huo unabadilishwa ikikaribia kilomita 100,000, na ukikatika ukiwa barabarani, vali na pistoni zinaweza kugongana. Mwisho wa 2010 ikaja FB20 yenye cheni. Shida ya mshipi ikaisha, lakini FB za mwanzo nazo zikapata sifa ya kula oili, mpaka Subaru ikashtakiwa na wateja Marekani na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Na zile za turbo, najua sauti ni tamu. Swali ni nani alikuwa anaisikiza hiyo sauti kabla yako, na alikuwa anabadilisha oili lini.

CX-5 ndio inanishangaza, kwa sababu watu wanakimbilia dizeli ya 2.2 juu ina nguvu na inakunywa kidogo. Kweli. Lakini ina chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma, na kazi hiyo inataka gari iende mwendo mzuri kwa muda bila kusimama. Sasa wewe unaishi Rongai, kazi ni Westlands, na asubuhi uko kwa jam saa nzima na nusu. Chujio haimalizi kujisafisha, dizeli inaingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, injini inaumia polepole. Gari hiyo haina makosa. Ilitaka mtu wa kwenda Nakuru kila wiki. Wewe chukua ya petroli.

Na X-Trail? Injini yake ya 2.0 si mbaya. Kinacholia mara nyingi ni gia boksi ya CVT, hasa kama oili yake haijawahi kubadilishwa, ama fundi aliweka oili ya gia ya kawaida. Kwa hivyo hata ukipata jibu la injini, uliza na gia boksi.

Kuna mtu atasema, "Si injini ikikufa unatafuta nyingine ya kutoka Japani, unaendelea?" Sawa, lakini hiyo nayo ni mtumba, na huijui ilikotoka. Halafu nambari ya injini iko kwa logbuku. Ukibadilisha injini, NTSA inafaa kujua. Ndio maana ukienda kuona gari, linganisha nambari ya logbuku na ile iliyochongwa kwenye injini. Zikikosana, hiyo bei nzuri ina hadithi.

Jambo lingine: KEBS hairuhusu gari ya zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Kwa hivyo mfuko wa wengi wetu unaangukia gari ambayo tayari imezunguka hapa Kenya miaka kadhaa. Hapo historia ya Japani inakusaidia kidogo tu. Unachotaka ni risiti za sevisi za hapa, na jina la fundi aliyekuwa anaishika.

Ukienda kuiona, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa moto, mtu anaficha kitu. Chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango na rangi. Iwashe ikiwa baridi, usikize sekunde za kwanza, kisha mtu akanyage mafuta ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, fikiria gasketi. Halafu lipa fundi wako mwenyewe, sio wa yadi, aipime na kompyuta. Ama ipeleke AA ikaguliwe. Hiyo pesa inauma, najua. Inauma kidogo kuliko kufungua injini.

Mbona nimekazana hivi? Kwa sababu mkopo haujui kama gari imelala garaji. Kila mwisho wa mwezi unakatwa tu. Na ukishindwa, sacco inaenda kwa wadhamini, na wadhamini wetu ni kina nani? Ni mamako, ni beste yako wa ofisini, ni anko aliyesaini akiamini uko sawa. Injini mbovu inaharibu gari moja, lakini inaweza kuharibu uhusiano wa watu watatu.

Kwa hivyo wikendi hii ukipita kwa yadi za Ngong Road, acha kwanza rangi na rimu. Mwambie muuzaji afungue boneti, na swali lako la kwanza liwe: hii ni injini gani? Akikujibu "ni Toyota tu, buda," endelea kutembea.