Video za kupamba zikae nyumbani

Nasema wazi: kama wewe waediti video za harusi hapa Mombasa na bado watuma kazi kwa ile linki ya "yeyote mwenye linki anaweza kuona", wacha. Leo, si kesho.

Wale mnaonifuata kutoka bara labda hamjui, basi nieleze kidogo. Siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele ziko wazi, magauni ni yale ambayo barabarani hayavaliwi, na kwenye kumbi nyingi kuna mama amesimama mlangoni anakusanya simu. Mpiga video ni mwanamke na anayeediti ni mwanamke. Familia haikulipi kwa sababu ya kamera yako, inakulipa kwa sababu inakuamini. Klipu moja ikiponyoka ikaangukia grupu la WhatsApp, kuna ndoa itayumba na kuna biashara itafungwa. Yako.

Sasa hebu niambieni: simu za wageni zimezuiliwa mlangoni, halafu sisi wenyewe twachukua hizo GB 60 twazipakia kwenye seva ya mtu asiyejua hata Kisauni iko wapi. Walahi hainiingii akilini.

Shida ni kwamba wengi hatujui mashine zetu zaweza kuongea zenyewe humu humu ndani. Mimi natumia Windows, laptopu ya ex-UK. Mwenzangu anayeshuti ana MacBook. Anayetupangia picha anatumia Linux kwa sababu laptopu yake ni kuukuu na Windows iliishinda kubeba. Kila mtu anadhani dawa ni flashi. Flashi ya FAT32 haikubali faili ya GB 4 kwenda juu, na video iliyokamilika inapita hapo bila jasho. Ukiifomati NTFS, Mac itasoma lakini yenyewe haiandiki. Ukiifomati exFAT, sawa, zote zitakubali, lakini flashi ni flashi. Inasahaulika kwa matatu, inaazimwa na binamu anayeenda kuwekewa muvi, inarudi na virusi. Na kupamba ya mtu imo ndani muda wote huo.

Kwenye mtandao wa nyumbani kesi ya fomati haipo kabisa. Fikiria duka la mtaani lenye dirisha la nyavu. Huingii ndani. Waomba sukari, waletewa sukari. Kama mwenye duka ameipanga kwa rafu ama kwa katoni, hayakuhusu. Mashine iliyoshika diski ndiyo mwenye duka. Windows inaomba faili, inapewa, na haijui hata kama diski yenyewe ni ext4 ya Linux ambayo ungeichomeka moja kwa moja isingeielewa.

Lugha wanayoombania inaitwa SMB. Ilianzia IBM miaka ya 1980, Microsoft wakaikuza. Kisha mwisho wa 1991, kijana mmoja wa chuo kikuu kule Canberra, Australia, Andrew Tridgell, akaanza kusikiliza mashine zinavyoongea kwenye waya na kuandika programu inayoiga. Ndiyo Samba hiyo. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi maneno yenye s, m na b. Ni ya bure mpaka leo. Na Apple, waliokuwa na lugha yao wenyewe, wakaifanya SMB kuwa ya kwanza kwenye Mavericks mwaka wa 2013. Kwa hivyo hizi mashine tatu zote zajua lugha moja na sisi twakimbizana na flashi.

YouTube watakwambia ununue kisanduku cha NAS cha bei ya kuumiza. Hapana. Tafuta laptopu kuukuu, hata iliyopasuka kioo. Tena kwetu sisi laptopu inashinda kompyuta ya mezani, kwa sababu ina betri: stima ikipotea katikati ya kunakili, diski haizimiki ghafla. Weka Linux, weka Samba, chomeka diski, kisha iunganishe na rauta kwa waya. Kwa waya, si kwa waifai. Kama mlango wa rauta ni wa Mbps 100, GB 60 zitachukua kama saa 1 na nusu. Kama kila kitu ni gigabiti, ni robo saa hivi. Kuzipakia klaudi kwa intaneti ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 13, na mwenzako bado hajaanza kuzishusha, na yeye yuko chumba cha pili!

Ukimaliza, kwenye rauta ifungie hiyo mashine namba moja isiyobadilika. Kwenye Windows waandika \\192.168.1.10\harusi, kwenye Mac wafungua Finder waandika smb://192.168.1.10/harusi, basi. Ila jifunzeni kuandika majina ya faili kwa adabu. Windows haitaki alama kama : na ? kwenye jina, na kwa Linux "Harusi" na "harusi" ni vitu viwili. Zile .DS_Store mtakazoziona ni Mac inaacha nyayo zake, si virusi, tulieni.

Hapa sasa ndipo naona watu wanaharibu. Maelekezo mengi mtandaoni yanakwambia uweke guest ok = yes ili iwe rahisi. Rahisi kwa nani? Huku Mlaleo, Kiembeni, Likoni, nyumba tatu zinachanga rauta moja. Ukiacha mlango wa wageni wazi, mtoto wa jirani akifungua laptopu yake anakutana na bibi harusi wa watu. Weka no. Kila mtu awe na jina lake na paswadi yake, na orodha ya wanaoruhusiwa iandikwe kwa valid users. Diski yenyewe ifunge kwa LUKS, ili mwizi akibeba mashine awe amebeba chuma tu. SMB1 izime, ndiyo WannaCry ilipitia mwezi wa Mei 2017. Na usithubutu kufungulia hiyo folda njia ya kutoka nje kwenye intaneti.

Kuna mtu atasema klaudi inalinda kazi diski ikifa. Kweli, na sipingi: kushea si kuweka akiba. Lakini akiba yangu ni diski ya pili, imefungwa vilevile, iko kwa shangazi Likoni. Inavuka feri ndani ya mkoba wangu kila mwezi. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kusota, sisi kunakili video kutoka chumba kimoja hadi kingine hakukubadilika hata sekunde.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie nifundishe nadharia. Nachojua ni kwamba mkataba wangu sasa una mstari unaosema video haitapakiwa popote, bibi harusi ataletewa mkononi, na baada ya miezi 3 nafuta. Nimepandisha bei kwa sababu ya mstari huo na hakuna mama aliyelalamika. Aliyelalamika ni bwana harusi mmoja, alikuja inboksi akitaka kuiona kabla ya mkewe. Nilimwambia akamuombe mkewe.