TUFUNGE SAFARI: Njia ya samaki, toka Likasi mpaka Pweto



Huko Ulaya, watu wakipata likizo wanapanda gari na kufuata pwani ya Bahari ya Mediteranea. Wanapita mji mdogo, wanaingia kijiji cha wavuvi, wanakula samaki, wanalala. Kesho yake wanaendelea. Sisi wa Likasi tunasema: ile ni mambo ya wenye pesa. Lakini na sisi iko njia yetu ya namna ile. Tena watu wa Mediteranea wenyewe walikuja kuishi huko inakofika!

Tuondoke basi. Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Toka pale tunaelekea kaskazini-mashariki, kilomita 200 na zaidi, mpaka Kasenga, mji mdogo kando ya mto Luapula. Ng'ambo unayoona ni Zambia.

Miaka ya 1930 na 1940, Kasenga ilikuwa na wavuvi na wachuuzi Wagiriki. Wengi walitoka visiwa vya Dodecanese, ambavyo Italia ilivitwaa mwaka wa 1912. Walijua bahari, wakaleta moteri za mashua na barafu. Samaki ilipakiwa ndani ya kamyo, ikaenda kulisha wafanyakazi wa miji ya migodi. Kwa hiyo posho ya wazee wetu, ile waliyokula na bukari wakitoka kazini, sehemu moja ilitoka katika maji haya.

Samaki iliyosifiwa zaidi iliitwa mpumbu. Wakati wa mvua ilipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Watu wakaingoja palepale na nyavu, Wagiriki na wenyeji, kila mmoja anataka yake. Juu ya nini kungoja? Soko ya migodi ilikuwa na njaa kila siku. Mwisho wa miaka ya 1940, mpumbu ilikuwa karibu kwisha. Mto ulibaki, maji yalibaki, lakini samaki hapana.

Sasa turudi nyuma mpaka Kasomeno, tushike njia ya kaskazini. Tunafika Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Jina lake ni moja na la Kilwa ya pwani ya Tanzania. Watu wa migodi wanaijua, kwa sababu madini ya Dikulushi yalivushwa hapa kwenda Zambia.  Oktoba 2004 watu zaidi ya 70 waliuawa hapa na wanajeshi. Ukipita, salimia watu kwa heshima.

Mwisho wa safari ni Pweto. Hapo mto Luvua unatoka ziwani kwenda kutafuta Lualaba. Usiku usio na mwezi, tazama ziwa: taa nyingi juu ya maji. Ni wavuvi wa chisense, kasamaki kadogo kanakofuata mwangaza. Uvuvi huu ulipata nguvu tangu miaka ya 1980, samaki wakubwa walipopunguka.

Sasa, mama unayekwenda soko ya Kikula, neno hili ni lako. Mvuvi anatupa wavu kufuata mnunuzi, na mnunuzi ni sisi wa miji ya migodi. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa kila mwaka, toka Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki watage. Miezi ile ukiona sokoni samaki wabichi wa Luapula, tumbo limejaa mayai, uliza kwanza. Ukinunua, umekula na watoto wake. Nunua ile iliyokaushwa mbele ya mvua, ao kula maharagi na sombe mpaka mwezi wa tatu. Hakuna aliyekufa juu ya sombe!

Nanyi mnaotaka kusafiri kweli, ondokeni wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa kumi, kwani mvua inaharibu njia. Chukueni maji ya kunywa na chandarua. Na mkifika Kasenga, ombeni mzee mmoja awaelezee mpumbu. Watoto wasikilize: shimo la madini nalo linaweza kwisha namna ile.

Safari njema, na tuonane mwezi ujao.