Mvua Zinarudi: Tutengeneze Kiwanja cha Nyumba

Wamama wapenzi wa Kasongo na Kabambare, juma hili tuzungumze juu ya kiwanja kilicho mbele ya mlango. Huko Ulaya watu hufufua majani ya nyumbani mwezi wa tatu na wa nne, baridi inapokwisha. Kwetu wakati wenyewe ni mwezi wa tisa: kiangazi kimekwisha, udongo umekuwa mgumu, na mvua za kwanza zinarudi.

Tumelelewa kujua kwamba kiwanja safi ni kile kisicho na jani hata moja. Sababu ipo: nyoka anaonekana mapema, na mgeni anakuta pameng'aa. Lakini tuangalie pia chini ya kuta zetu za matofali ya udongo. Kila mvua kubwa inabeba udongo ulioachwa wazi na kuuteremsha bondeni, hadi mtoni. Maji ya paa nayo yanachimba chini ya ukuta. Mwaka hadi mwaka msingi unabaki uchi, kisha ukuta unapasuka. Kusimamisha ukuta upya ni kazi kubwa kuliko kupanda majani.

Basi tukigawe kiwanja. Karibu na mlango na jikoni, pabaki wazi na pafagiwe kama kawaida. Kwenye mteremko, kandokando, na pale maji ya paa yanapoangukia, tuweke majani mafupi yanayotambaa.

Kwanza tukusanye takataka na majani makavu. Tusiyachome, tuyarundike penye kivuli pamoja na maganda ya mihogo na ndizi. Yakioza yatalisha lengalenga na matembele. Vichaka virefu tuvifyeke kabisa, maana humo ndimo nyoka anajificha.

Mvua ikishanyesha mara mbili au tatu, tulegeze udongo kwa jembe, bila kuchimba sana karibu na ukuta. Tung'oe vishina vya majani yenye mizizi, tuvipande shibiri moja moja, tukanyage kidogo. Mbuzi wasipite hapo mpaka yashike. Wakati wa kukata, tuache urefu wa vidole viwili au vitatu. Yakikatwa mpaka chini, jua linaua mizizi. Palipo na majani, tufagie kwa mkono mwepesi.

Tusisahau maji yaliyosimama. Makopo, vyungu vilivyovunjika na mashimo tuliyochimba udongo wa matofali vinashika maji, na yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika siku 10 hivi. Tumwage, tufukie, tupindue, kila juma. Hata hivyo kiwanja safi hakichukui nafasi ya chandarua: watoto na wenye mimba walale ndani yake kila usiku. Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna neno la ujirani pia. Mfereji unaookoa nyumba yako unaweza kumwaga maji kwenye ukuta wa jirani, na hapo ugomvi unaanza. Kabla ya kuchimba, tukae na jirani, tuonyeshane njia ya maji mpaka mwisho wake. Mahali ambapo njia hiyo inapita viwanja vingi, tuifanye kazi ya salongo.

Na tuulizane: nani anafanya kazi hii nyumbani? Mara nyingi ni msichana, alfajiri, kabla ya shule, wakati kaka yake bado amelala. Jembe na ufagio havichagui. Wavulana wafagie, baba afyeke, ili binti naye afike darasani kwa wakati.

Katika mkutano ujao wa kikundi, aliye na majani mazuri alete fungu moja la kumgawia mwenzake. Fungu moja likishika mwaka huu, mwakani litatosha viwanja kadhaa.