Pesa za matanga tunaziona zikiingia. Zikitoka je?

Kama una ndugu, wakwe au marafiki Homa Bay ama Migori, simu yako inaijua vizuri hii orodha. Msiba unatokea, kundi la WhatsApp linaundwa usiku huohuo, na kufikia asubuhi mtu ameshaanza: namba moja, jina, Sh 1,000. Wewe unanakili orodha yote, unaongeza jina lako namba 14, unaibandika tena. Dakika hiyohiyo shemeji aliye Rongo alikuwa ananakili ile ya zamani yenye majina 13. Akibandika ya kwake, wewe umepotea. Pesa yako ilifika na ujumbe wa kuthibitisha unao, lakini mbele ya kundi wewe hujachanga. Sasa uanze kuandika "jamani naomba kurekebisha" kwa watu 200 wanaoomboleza.

Hiyo ni kero ndogo. Kubwa ni kwamba orodha hata ikiwa sahihi inaeleza nusu tu ya habari. Inaonyesha nani ametoa. Haionyeshi pesa imeenda wapi, nani alitumwa kulipia nini, na nini bado. Ndiyo maana siku tatu baada ya mazishi unasikia minong'ono kuhusu mweka hazina, hata kama hakugusa shilingi. Watu waliona pesa ikiingia, hawakuiona ikitoka.

Sisi tunaona kamati ya matanga ndiyo timu ngumu kuliko zote kusimamia huku kwetu. Ofisi ikipewa mradi inapewa miezi, bajeti na bosi. Kamati inapewa wiki moja au mbili. Wajumbe wake wako Nairobi, Awendo, Mbita na Oyugis, bajeti inategemea huruma za watu, na hakuna wa kumfokea mwingine. Halafu ni ofisi yenye miezi ndiyo inayotumia programu za kupanga kazi, na kamati yenye siku saba inatumia orodha ya kunakili. Tungebadilishana.

Programu kama Trello si kitu cha kuogopa. Ni ubao wenye safu, na ndani ya safu kuna kadi unazosogeza. Wazo la kupanga kazi kwa kadi ni la zamani kuliko simu zetu. Kiwanda cha Toyota kule Japani kilitumia kadi za karatasi kupanga kazi miaka mingi kabla ya intaneti. Kwa matanga safu nne zinatosha: Inahitajika, Ina mwenyewe, Imelipwa, Risiti iko. Kila gharama ni kadi yake: mochari, jeneza, gari la kubeba mwili, hema na viti, chakula, vijitabu vya ibada. Kwenye kadi andika kiasi, tarehe ya mwisho na jina la mtu mmoja. Mmoja! Kadi yenye majina matatu haina mwenyewe.

Hapo kwenye tarehe ndipo ubao unaipita orodha kwa mbali. Tuseme bajeti ni Sh 280,000 na kufikia Jumanne mmechanga 150,000. Kwenye kundi utasoma tu kwamba "bado 130,000," watu waogope, na wale wenye sauti waanze kubishana kama ng'ombe ni mmoja au wawili. Kwenye ubao mnaona kitu tofauti. Mwili ukitakiwa kutoka Nairobi Alhamisi, bili ya mochari na malipo ya awali ya gari lazima viwe vimekamilika kufikia Jumatano, na labda vyote viwili ni 90,000. Hiyo mnayo. Hema na viti vinaweza kungoja Ijumaa asubuhi. Ng'ombe naye anaweza kungoja, na mara nyingi kuna mjomba ambaye hakutuma pesa kwa sababu ana ng'ombe. Mpeni kadi. Mchango wake utaonekana kama wa mwingine yeyote, jambo ambalo orodha ya namba haijawahi kuliweza.

Kadi ikihamia Imelipwa, mlipaji abandike chini yake ile namba ya muamala, zile herufi na tarakimu 10 zinazokuja mwanzoni mwa ujumbe wa M-Pesa. Ikihamia Risiti iko, aweke picha ya risiti. Na pale inapowezekana, lipeni muuzaji moja kwa moja kwa till au paybill yake badala ya mtu kutoa pesa kwa ajenti na kutembea nayo mfukoni. Pesa taslimu haina namba ya muamala.

Tukija kwa laini yenyewe, kuna jambo ambalo kamati nyingi hugundua zikiwa zimechelewa. Kama mweka hazina anadaiwa Fuliza, michango ikiingia kwa laini yake mfumo unakata deni kwanza. Hakuna aliyeiba, lakini Sh 4,000 za wifi yako wa Kendu Bay zimelipa deni la mtu mwingine. Kabla ya kutangaza namba ya kuchangia, muulizeni mwenye laini swali hilo bila aibu, au tafuteni laini ambayo haina deni. Kumbukeni pia laini ya mtu binafsi haibebi zaidi ya Sh 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Kwa msiba mkubwa wenye wachangiaji wengi, paybill ni bora, na watu wawili wawe na ruhusa ya kuona kilichoingia.

Sasa pingamizi, na tunazijua. Toleo la bure la Trello lina kikomo cha watu 10. Ni sawa kabisa. Kamati si kundi lote. Weka wale wanaobeba kadi tu, na kila jioni katibu apige picha ya skrini ya ubao aitume kwa kundi kubwa. Mtu wa Mfangano mwenye bando la kubahatisha ataona picha moja iliyo wazi badala ya jumbe 140. Na mama aliye na kabambe? Atasomewa, kama ambavyo amekuwa akisomewa ile orodha. Pale boma lenyewe mnaweza hata kubandika karatasi ya manila ukutani, mkaichora safu nne na kuandika kwa kalamu. Sisi hatuuzi Trello. Tunachopigania ni gharama kuwa na mwenyewe, tarehe na ushahidi, na watu kuviona.

Pingamizi lingine tunalisikia kwa wazee: kwamba kuhesabu hivi ni kama kutoaminiana wakati wa msiba. Tunaliheshimu, ila hatukubaliani nalo. Anayelindwa zaidi na ubao ni mweka hazina mwenyewe. Mara nyingi ni binti au kijana aliyepewa kazi kwa sababu "anajua mambo ya simu," na ndiye atakayeulizwa maswali akiwa ameketi kati ya baba zake wadogo.

Ubao huohuo unafaa chama, kikundi cha wauza omena au vijana wa miwa Awendo. Chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 mnahitaji watu wasiopungua 10 kusajiliwa, na hapo kumbukumbu za pesa si hiari tena. Lakini hilo tutaliandikia siku yake.

Kwenye ubao msiandike PIN ya mtu yeyote, wala namba za vitambulisho, wala picha ya kitambulisho cha marehemu. Mazishi yakiisha Jumamosi, Jumatatu katibu atume picha ya mwisho ikiwa na salio, hata kama salio ni Sh 350. Familia iseme hiyo 350 inaenda wapi, kadi ihamishwe, kisha ubao ufungwe na watu watolewe.